Mzizi Ulioshika Bomba

Mjukuu wangu Kendi,

Nakusalimu kutoka Githongo. Kahawa imechanua, na nyanya yako anakutaja kila jioni. Umeuliza kwa nini madaktari hawajaniondolea saratani. Picha zilionyesha kuwa uvimbe wa kongosho umeuzunguka mshipa mkuu wa damu, hivyo wanatanguliza dawa wakitumaini uvimbe utasinyaa.

Ujanani, mzizi ulizingira bomba letu la maji. Niliinua shoka, Baba akanizuia. "Wee, ukikata sasa utapasua bomba, watu wote wakose maji!" Tukaufukua udongo, tukauacha juani ukauke ukiwa bado umeshika bomba. Jirani akacheka: "Siku hizi mnaanika mizizi kama mahindi?" Kila asubuhi Baba aliugusa, kisha akanywa maji.

Ule ulilegea. Huu wangu bado sijui, Kendi. Ila leo nimemaliza uji wote.

Akupendaye,
Babu yako