Usigeuze Kichwa, Breki

Saluni ya Kinyozi,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta,
Jumapili, baada ya kufunga.

Mpendwa mdogo wangu Breki,

Pokea salamu nyingi wewe, shemeji na wanangu wote. Hamjambo? Mgongo wako umepoa, au kiti cha basi bado kinakutesa? Na mama mkwe, kifua chake kimetulia? Huku watoto wanakua na kula kama wanashindana, na shemeji yako wa huku anakusalimu, anasema bado anakudai ile safari ya kuja kututembelea.

Najua unajiuliza kulikoni mtu mwenye simu aandike barua. Ni kwa sababu simu umeipatia dawa yake. Nikitaja neno macho tu, mtandao wa kwako unaanza kusumbua, au betri inakwisha papo hapo. Barua haina kitufe cha kukata. Tena nimeipitisha kwa shemeji, nikamwomba akukabidhi mchana, ukiwa umekaa mezani, na asibanduke mpaka uimalize. Isome yote, ndugu yangu, usiruke mstari.

Breki, ninapofuka. Nimetafuta namna ya kulisema neno hili polepole nimeikosa, basi nalisema hivyo hivyo.

Halikuja kwa kishindo. Nilianza kwa kuacha nywele juu ya masikio ya wateja. Bwana harusi mmoja alitoka hapa amejikwatua, akarudi mbio ameshika kichwa, upande wa kushoto kama shamba lililopaliliwa na mlevi. Tulicheka sana. Nikasema mashine imekuwa butu, nikanunua nyingine. Kisha nikaanza kugonga bega mlangoni, kuangusha birika, kushtushwa na watu waliosimama pembeni yangu muda mrefu wakinisubiri. Lakini hapakuuma popote, jicho halikuwa jekundu, na gazeti nalisoma mpaka matangazo ya vifo. Ningejuaje?

Sasa sikiliza kituko. Watu wa afya walikuja sokoni kupima bure, muuguzi akanitazama macho kwa kifaa chake, akaniambia, "Mzee, una presha ya macho, nenda hospitali kubwa haraka." Sisi nyumbani presha tunaijua moja tu. Nikaenda duka la dawa, nikafungwa mkono, nikaambiwa presha yako nzuri kama ya kijana. Shemeji yako hakuridhika. Alisema ikiwa imepanda mpaka machoni, basi adui ni chumvi. Nyumba nzima ikaachishwa chumvi! Mwaka mzima tumekula chakula cha wodini, watoto wananung'unika, mimi najisifu kwa wateja kwamba najitunza.

Kumbe presha ya macho ni ya jicho lenyewe. Maji ya ndani hayapati pa kutokea vizuri, yanasukuma, na mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa taratibu, kuanzia pembeni. Chumvi ya watu haikuwa na kesi yoyote. Mwaka ule tulioupoteza jikoni ndio uliokula jicho langu la kushoto.

Nilipofika hospitali walinipima kama ambavyo sijapata kupimwa. Walinitia matone ya kupanua mboni, wakamulika hadi nyuma ya jicho, wakagusa jicho kwa kitu kidogo kujua presha yake. Mwisho wakaniingiza kichwa kwenye mashine kama bakuli, nikaambiwa tazama katikati, ukiona taa popote bonyeza. Nikakaa. Nikakaa. Nikamuuliza dada wa mashine, "Mwanangu, umeme umekatika?" Akasema, "Haujakatika, baba. Taa zinawaka." Sitaisahau sauti yake maisha yangu yote.

Daktari ni mama mmoja asiyezunguka maneno. Aliniambia kilichopotea hakirudi. Maji yakimwagika hayazoleki. Matone ninayotia kila siku yanalinda kilichobaki tu, na kilichobaki ni kidogo, ni kama kutazama chumba kupitia tundu la ufunguo. Hata barua hii naiandika kipande kipande, mkono ukisogea nautafuta upya. Nililia mle ndani, Breki, mbele ya wauguzi, na sikuona haya.

Nilipokwisha kulia akaniuliza swali lililonitoa jasho kuliko yote. Ugonjwa huu unatembea kwenye damu, alisema. Baba yako alikuwa anaonaje? Una ndugu wa tumbo moja?

Unamkumbuka baba, sisi tuliomwita Jogoo. Ukimwekea kikombe kando, anageuza shingo nzima, kidevu juu, anakitafuta, na sisi tunajiziba midomo tusicheke. Alipoanza kupapasa kuta tukasema ni uzee. Alizikwa na uzee wake huo, na hakuna aliyewahi kumpeleka popote. Daktari alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akaandika.

Basi wiki iliyopita binamu kanitumia ile video ya harusi ya bintiye. Upo umekaa meza ya mbele, suti imekupendeza. Mtu anakuwekea glasi kushoto kwako. Unageuza shingo nzima, kidevu juu, unaitafuta. Shemeji yako akapiga kofi, "Mtazame, Jogoo amerudi!" Kisha akauona uso wangu, akaizima simu.

Tangu siku hiyo sina raha. Chakula kimerudishiwa chumvi na hakina ladha.

Najua utakavyojibu, maana umeshanijibu. Ulipimwa ulipohuisha leseni, ukasoma herufi ukutani mpaka mstari wa mwisho, unaona mpaka mbu. Breki, hata mimi nausoma mstari wa mwisho! Leo hii, hivi nilivyo, nautamka bila kukosea, na nikitoka mlangoni pa hospitali namkanyaga mtu. Ubao ule unapima katikati ya jicho, na huu ugonjwa unaanzia kwingine. Mtu anaweza kufaulu ubao na huku nusu ya dunia yake imeshazimwa.

Nenda ukafanyiwe uchunguzi kamili. Wapime presha ya jicho, wapanue mboni waone mshipa wa nyuma, wakuweke kwenye lile bakuli la taa. Waambie baba alipofuka na kaka anapofuka, usione haya, mficha maradhi kilio humfichua. Siku hiyo usiendeshe, matone yale yanatia ukungu. Wakikukuta mzima, rudi tena kila watakapokwambia urudi. Wakikukuta nao, utakuwa umewahi, utatia matone na utabaki na macho yako mpaka uzeeni. Wanangu nao waambie mapema, damu ni hiyo hiyo. Na neno lenyewe ulitamke lote, presha ya macho, wasije wakakufunga mkono wakakurudisha nyumbani ukila mboga chapwa.

Kama ungekuwa unabeba mchanga ningekusihi taratibu. Lakini wewe unabeba watoto wa shule, asubuhi na jioni, watoto wa watu. Wanashuka, wanazunguka basi, wanakimbilia ng'ambo. Mtoto hatokei katikati ya barabara, Breki. Anatokea pembeni. Nikilala naliona basi lako la njano, na naona mkoba unaokimbia upande ule ambao wewe huna. Naamka nikiita jina lako.

Jina la Breki tulikupa kwa sababu hukuwa nazo. Ukikimbia ulisimamishwa na ukuta. Nakupigia magoti, mimi niliyekunyoa kichwa tangu hujaanza shule, safari hii simama mwenyewe kabla ya ukuta. Wanasema kinyozi hajinyoi, na ni kweli, nimewatengeneza watu vichwa miaka yote nikiwa sijui changu. Mimi nimekwisha. Nisaidie angalau nisiwe nimepofuka bure.

Niwie radhi kama nimekuwa mkali. Naogopa sana, na sina mwingine wa tumbo moja isipokuwa wewe.

Nisalimie mama mkwe, nisalimie binamu na bintiye aliyeolewa, na mwanao wa mwisho mwambie baba mkubwa anamdai kichwa kimoja cha kunyoa, nitakinyoa kwa kupapasa. Mungu akulindie nuru uliyo nayo, akupe na masikio ya kusikia.

Ni mimi, kaka yako, nikupendaye na kukuhofia,

Kinyozi.

Usiikunje bado. Endelea kutazama mstari huu, usigeuze kichwa.

Shemeji amekaa kushoto kwako tangu uanze kusoma. Nilimwomba, ukifika ukurasa huu wa mwisho, anyanyue kitambaa chekundu usawa wa sikio lako akipunge, bila kusema neno. Kama umekiona kikipungwa, nipigie simu unicheke, nitafurahi kuchekwa, na hospitali utakwenda vilevile. Kama hujakiona, mpe funguo za basi sasa hivi. Kisha geuka taratibu umtazame mke wako, maana nadhani analia.