Jina Lililotoka Gazetini

Ekerenyo,
Jumapili, 2 Machi 2025

Mwanangu Ombui,

Nakusalimu sana kwa jina la Bwana. Sisi huku tu wazima. Baba yako anakusalimu, goti limepoa kidogo, anashuka tena shambani kuchuma chai ingawa anarudi akinung'unika. Nyanya yako anakusalimu, macho ndiyo yanamsumbua. Lorna dada yako anakusalimu, amefunguliwa shule na amekuwa mrefu kunipita. Ng'ombe amezaa, ndama ni jike. Mwalimu Makori pia anakusalimu, siku hizi anakuita "ofisa wetu". Je, wewe u mzima? Kifua hakikusumbui na baridi ya huko? Ile sweta unavaa?

Naandika Kiswahili kwa sababu Lorna anasema barua za kambini zinafunguliwa na wakubwa, na hao lugha yetu ya Ekegusii hawaijui, wasije wakadhani tunapanga kitu. Nivumilie, mimi niliachia darasa la nne.

Hujatuambia siku ya kuhitimu. Kanisani wamechagua wazee wawili tusafiri nao, waone kijana wao akivishwa nyota begani. Mimi sikusema kitu. Tuambie siku.

Ni mimi mama yako,
Nyamoita


Kambini, Eldoret,
20 Machi 2025

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa baba, nyanya na Lorna. Mimi ni mzima, sweta naivaa ndani ya sare.

Mama, wazee wasije. Na wewe, tafadhali, usije. Hakuna nyota. Wanaovishwa nyota ni makadeti, nao wanafunzwa kwingine. Mimi ni kurutu. Nikimaliza nitakuwa askari wa kawaida, wa kupokea amri. Nilidhani uliwaeleza.

Unajua niliomba ukadeti nilipopata digrii. Nilingoja mpaka nikachoka, nikajua jina langu halikutoka. Ndiyo maana pale uwanjani Nyamira, siku ya kuandikishwa, nilionyesha cheti cha kidato cha nne tu. Digrii nimeificha; hata barua hii naituma kwa mkono wa mtu, isifunguliwe. Wenzangu wananiita Profesa kwa sababu nawaandikia barua za wasichana wao. Juzi mmoja alisema, "Profesa, wewe ungesoma ungekuwa mbali." Wakacheka, nikacheka nao.

Mwezi jana aliletwa luteni mpya kutukagua. Ni Lavender wa Birongo, tuliyekuwa tukikaa naye dawati moja chuoni, yule aliyekuwa akinakili kazi zangu. Nilimpigia saluti. Aliniangalia, akasema polepole, "Ombui?" Nikajibu, "Ndiyo, afande." Akapita.

Nisamehe, Mama. Ulichuma chai miaka minne nisome, nami sikutosha. Wewe hukunikosea popote. Aibu hii ni yangu.

Mwanao,
Ombui


Ekerenyo,
Jumapili, 6 Aprili 2025

Mwanangu,

Wote ni wazima, wanakusalimu. Barua hii naandika peke yangu, Lorna hajaishika.

Yako nimeisoma mara nyingi, na kila nikifika pale unaponiomba msamaha siwezi kupita.

Jina lako lilitoka.

Mwalimu Makori alileta gazeti Ijumaa moja jioni, wewe ukiwa Kebirigo kuuza ndizi. Akaweka kidole, akasema, "Mama Ombui, huyu si wako? Jeshi linamwita kwenye usaili wa maofisa." Kesho yake alisali kanisa jingine, Jumapili akasafiri kwa binti yake Mombasa, akakaa huko miezi. Basi nikajua ni mimi tu. Nikatafuta siku uliyopangiwa. Ilikuwa Sabato ya wiki iliyofuata, saa mbili asubuhi. Nikajiambia, Mungu hawezi kumwita mtu kazini siku yake mwenyewe. Jua lilikuwa linazama. Uliingia, tukaimba wimbo wa kufungua Sabato, wewe ukaimba sauti ya pili, na gazeti lilikuwa kiunoni mwangu ndani ya leso.

Siku nane nilikuwa nalo. Sabato yako ilipopita nikalitumia kuwashia moto wa chai.

Lakini hata hiyo Sabato nilijifichia tu. Niliogopa. Nilikuwa nimemwona kijana wa Onyiego alivyorudishwa kutoka vitani bila mguu. Nikasema huyu wangu abaki, atafundisha hapa karibu. Nawe ukaenda vilevile, tena kwa wale wanaotangulizwa mbele.

Makori aliporudi akasikia uko jeshini, akatangaza kanisani kwamba umekuwa ofisa. Watu wakasimama, wakakuombea. Mimi nikasema amina.

Wewe ulitosha, Ombui. Sijui niseme nini tena.

Mama yako


Ekerenyo,
Jumapili, 25 Mei 2025

Mwanangu Ombui,

Nakusalimu. Nyanya anakusalimu, Lorna anakusalimu. Baba yako sijui kama anakusalimu, kwa sababu tangu jana hasemi na mimi. Wiki saba sijapata neno lako. Sikulaumu.

Jana wakati wa ushuhuda nilisimama kanisani. Nilisema gazeti nililificha, nikasema nililichoma, nikasema mwanangu si ofisa, ni askari, na aliyemfanya hivyo ni mimi. Mzee mmoja wa kanisa akanivuta nguo, "Keti mama, yatosha." Nikamwambia sijamaliza. Benchi la vijana likacheka. Makori alivua miwani akaifuta, akaifuta tena. Tukitoka hakuna aliyenipa mkono, na baba yako alitembea mbele yangu mpaka nyumbani bila kugeuka. Ilikuwa haki.

Lorna ameulizia, akaambiwa mnahitimu Ijumaa tarehe 13 Juni. Wazee hawaji tena. Nataka kuja peke yangu. Nitakaa nyuma kabisa, sitakuita kwa jina. Mtu akiniuliza nimekuja kumwona nani, nitasema nina mtoto hapa, ni askari.

Kama hutaki kuniona, andika "usije", hilo tu, nitabaki nikichuma chai siku hiyo. Hata ukitaka kunitukana, andika. Barua zinachelewa kufika, na mimi nitakuwa naulizia posta Nyamira kila siku ya soko. Nijibu upesi, baba.

Mama yako,
Nyamoita