Jiwe Laini la Baba Yako

Osundwa ndiye atakayenyoa watu wa matanga ya nyanya yenu. Wazee wamempa wembe wa marehemu baba yenu, na ana miaka ishirini na miwili tu.

Mwanangu Patroba, hujambo huko Matete? Tangu tuzike Jumanne tuko salama. Kuku wa kijivu ameangua vifaranga wanane. Majirani wananiita Mama Vinyozi, nami sikatai, maana nani mwingine hapa amezaa vinyozi wawili?

Jana ndugu yako aliunoa wembe mbele ya wazee. Unajua inavyofanywanga: jiwe la kukwaruza kwanza, kisha laini, unarudi kwa la kukwaruza kidogo, unamalizia kwa laini mpaka meno yaishe. Lakini laini halikuwa kwa mkebe wa vifaa vya baba yenu, na kwa lile moja wembe ulibaki kama msumeno. Mzee Wandera alijaribu mkononi, damu ikatoka. Akasema, "Mama Patroba, huu ni wa kukata miwa."

Nilicheka nao. Ulipokuwa unaniaga uliniambia jiwe lilianguka likavunjika. Leo Lynette, binti wa jirani, amenionyesha kwa simu picha ya duka lako la kinyozi, na liko hapo dirishani, zima. Ungeliomba ningekupa, mwanangu. Ni kunidanganya ndiko kumeniuma.

Osundwa sijamwambia. Wa kwanza kunyolewa ni mimi, na kichwa changu sitakiondoa, wembe uwe vile utakuwa.

Ni mimi mama yako, Jerida. Ukoo wote unafika kunyolewa Jumamosi, saa tatu asubuhi.