Nusu mbili za Zuhura

Jumapili

Eti samaki mgebuka mkubwa kuliko yote mama kampa Zuhura. "Kula, daktari wetu." Mimi ndiye niliyemfundisha binamu yangu huyo fizikia shuleni, lakini chuo cha udaktari kimemchukua yeye, mimi kimeniacha.

Alikuja kwetu Ujiji na kitabu chake kipya. "Dada, dawa hii yenye mionzi hupungua nusu kila saa sita. Basi baada ya saa kumi na mbili imekwisha. Nusu na nusu si nzima?"

Nilijua robo ingebaki. Nikamjibu, "Ndiyo."

Akaandika kwa wino. Nilifurahi kidogo, kisha nikaanza kuwaza. Akija kumwambia mgonjwa hivyo...

Kesho asubuhi nakwenda kwao Gungu kumsahihisha. Akisema asante, nitalia.