Mkate wa Mayai wa Nyamizi

Dada Kalunde,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini siwezi kuongea na wewe bila kukuamkia kwanza. Mwandiko wangu unaujua, vumilia.

Ni habari za Nyamizi wako. Tangu tulipokuzika Sikonge nikamleta kwangu hapa Tabora, mtoto alikuwa hali chakula vizuri. Asubuhi ndiyo kabisa. Namkaangia mkate wa mayai kama wanavyoupenda wanangu, na kitunguu, hoho na chumvi. Anautazama tu. Na mimi haniiti chochote, dada, si mama mdogo, si nani. Akitaka maji anakuja kusimama karibu yangu, basi. Baba Yohana ananiambia, "Mwache, njaa itamfundisha." Njaa imfundishe mtoto wa dada yangu? Nikimvalisha sare nashika mabega, mifupa mitupu. Roho yangu haikai.

Jumamosi nikakumbuka mkate wako ulikuwa wa asali. Nikachukua ile asali tuliyotoka nayo kwako, nikaimimina kwenye mayai, nikakoroga, nikatosa mkate, nikakaanga. Weee! Nje mweusi, ndani mbichi, moshi nyumba nzima. Wanangu wanakohoa huku wanacheka. Mara nasikia nyuma yangu:

"Mama mdogo, asali haipikwi! Inawekwa mwisho!"

Nikageuka, Nyamizi huyo. Mama mdogo. Kumbe anajua mimi ni nani wake.

Akanisukuma pembeni kwa nyonga, kama ulivyokuwa unanifanya wewe jikoni kwa mama. Mkate kwenye maziwa kwanza, kidogo tu usilegee, ndipo kwenye yai. Mkaa akaupunguza. Kikaango akakifunika. Asali akaitia juu mkate ukiwa bado wa moto, ikazama yenyewe. Akala, dada! Akanipa kipande nionje, akaniuliza, "Umeelewa?" Nikasema nimeelewa, mwalimu.

Leo nimeukaanga mwenyewe. Ameonja, akasema, "Wa mama ulikuwa mzuri zaidi." Nikamwambia ndiyo, na itabaki hivyo. Akaomba wa pili.

Basi nakuahidi, jina lako halitafichwa humu ndani. Akikulilia nitalia naye, sitamwambia nyamaza.

Pumzika sasa, dada yangu. Amekwenda shule ameshiba.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Yohana