Mustari ya Mwisho ku CV ya Patron

Patron,

Nimeanza hii barua mara ine, na mara ine mukiliya anagonga ku kioo: "Mama, CV yangu iko tayari?" Haiko tayari. Hakuna kitu iko tayari hapa ku biro yako. Nakaa, nasimama, nafagia fasi nimemaliza kufagia. Kesho tunamaliza kilio yako, ni miye natengeneza tena karatasi ya kusoma mbele ya bantu, na roho yangu inakataa kutulia.

Ujue basi kitu nilikufanyia. Siku ya kukuzika, familia ilinituma niandike ku mashini CV yako, ile banasoma mbele ya kufunga sanduku: kuzaliwa, masomo, ndoa, kazi, batoto. Nilikuwa nalia, macho haioni muzuri. Nikafungua ile modeli yetu ya siku zote, ya CV za bakiliya, nikatia jina yako, nikatia batoto bako batatu, nikatoa kopi. Katekista akasoma na ile sauti yake ya misa. Akashuka, akashuka, akafika ku mustari ya mwisho, Loisirs, pale muntu anasema kitu anapenda kufanya akiwa hana kazi. Akasoma: "Lecture, musique, football." Kusoma, muziki, mupira.

Football! Weye! Weye ulikuwa unazima redio goli moja haiyaingia! Bantu bakaangaliana. Na Mama Régine, bibi yako wa ndoa, mwenye alikuwa analia tangu asubui, akainua kichwa akacheka. Akacheka kabisa, patron, mpaka bamama bakamushika mikono, banazani akili imeruka. Miye nilitamani udongo inimeze mbele yako.

"Loisirs ni chumvi tu, Odette. Tia, tuende." Njo vile ulinifundisha siku yangu ya kwanza ya kazi, miaka saba imepita. Dereva wa loli: lecture, musique, football. Mupishi wa kambi ya mugodi kule Kinsevere: lecture, musique, football. Unakumbuka ule baba kilema, wa kutembelea fimbo mbili? Alirudia amekasirika: "Bameniuliza nacheza namba ngapi!" Na weye, bila kuinua macho: "Ungesema weye ni kocha." Tulicheka siku nzima. Leo sina nguvu ya kucheka ile.

Tangu ufe nimeacha ile chumvi. Namuuliza kila muntu: unapenda nini? Banakasirika. "Mama, nimekuya kutafuta kazi, sikukuya kuungama." Bengine banavuka barabara, banaenda kwa jirani mwenye hana maswali. Mwanamuke mumoja alisema anapenda kufua mashuka ya mweupe na kuyaangalia ku kamba. Nikaandika vile vile. Sijue kama ilimusaidia.

Lakini yako nilikuwa sijue. Miaka saba meza moja, na sijue! Ilinikula mpaka nikaenda kwa Mama Régine, nimuombe musamaha na nimuulize. Akanikalisha mu salon, ku foteyi yako, akanionyesha bile bitambaa bya kufuma, bya mweupe, biko ku kila kiti. Bamama ba kartiye yote banamusifu juu ya bile bitambaa. Nami pia nilimusifu, tena mara mingi. Akaniambia: "Mwanangu, miye sijue hata kushika ile kashindano ya kufumia. Njo yee, bwana yangu, alikuwa anafuma."

Patron!

Akanieleza yote. Mama yako alikuwa anafundisha babibi ba bafanyakazi kufuma, na weye mutoto ulikuwa unakaa chini ya meza unaangalia bidole byake. Ukajua. Ukaficha, juu banaume benzako bangekuchekelea. Ku nyumba ulikuwa unavuta rido ya dirisha kwanza. Na hapa ku biro, kila saa sita, ulikuwa unanituma mukate mbali, kule nyuma ya posta, na "usifanye haraka, Odette." Kumbe! Miye nilizani unatelefonia mwanamuke. Nilikuhukumu bure, unisamehe. Lakini nilikasirika pia, nakuambia wazi. Ungeniambia. Ni nani ningemuambia?

Mama Régine akasema: "Andika ile. Nimechoka kusifiwa juu ya kazi ya mikono ya mwingine."

Nikaandika. Leo asubui yaya yako, mukubwa wako wa tumbo moja, Papa Donat, amefika toka Kilwa ya huku kwetu na vumbi ya njia yote ku koti. Akaomba asome karatasi. Akafika ku mustari ya mwisho, akanirudishia sawa kitu inanuka. "Unataka kumuvalisha mudogo wangu kikwembe ya banamuke mbele ya bantu? Rudisha football." Na unajua, patron, ni yee kesho, kisha chakula, anasema nani anabaki na hii biro na hii mashini. Akikataa miye, natoka hapa na sakoshi yangu tu.

Basi naenda, narudi. Nafungua karatasi, nafunga. Football inakukosesha nini, umekufa? Kisha nasema: na kama weye mwenyewe hukutaka? Muntu mwenye kuvuta rido alikuwa na sababu yake. Hiyo njo ilinichoma kupita maneno ya Papa Donat, mpaka nikamutelefonia Mama Régine sasa hivi, mukiliya eko pale anaangalia saa yake. Akaniambia: "Ku lopitali hakuficha tena. Alikuwa anafuma mbele ya bamunganga, mbele ya bageni, na anabaonyesha." Miye nilikuya kule mara mbili, nikakupata umelala.

Aksanti. Ile imenitosha.

Nimetoa kopi makumi mbili. Kesho, mu salon ya Mama Régine, siyo katekista atasoma, ni miye. Nakuapia, patron: nikifika ku mustari ya mwisho sitashusha sauti na sitamuangalia Papa Donat. Nitasema: "Alipenda kufuma. Bitambaa byote muliegemea tangu asubui, ni mikono yake." Kama anataka mashini kisha pale, achukue. Bantu batakuwa bameshageuka kuangalia biti byabo.

Lala muzuri, patron wangu.

Odette