Baba, Ule Msumari wa Ambrayaje

Kindu, Kasuku

Baba,

Arobaini yako ilipita, watu wakarudi makwao, na mimi nikarudi chini ya motokari. Ningependa kukuandikia habari za utulivu. Sina. Tangu Jumanne iliyopita hofu imeniingia.

Unaikumbuka ile motokari nyekundu ya viti viwili, isiyo na paa, aliyoiacha yule Mgiriki wakati serikali ilipochukua maduka ya wageni. Ni ya komisere, mkuu wa serikali hapa, sasa, kama ulivyoiacha. Jumanne asubuhi askari wanne waliisukuma mpaka uani kwetu, yeye akifuata kwa miguu ndani ya abakosti yake, ile suti isiyo na tai, uso umekauka. Alikuwa amesimama mbele ya soko, pedali ya ambrayaje, klachi, ameikanyaga mpaka chini, akatia vitesi, gia, ya kwanza. Chuma kikalia, motokari ikaruka mbele. Mama mmoja muuza mpunga aliponea chupuchupu. Kikapu chake kilibaki chini ya gurudumu.

"Baba yako njo alitengenezaka hii," komisere akaniambia. "Defile ya kupita mbele ya wakubwa ni Ijumaa. Kama hii ni sabotaji, wewe sitwayeni, utanieleza."

Neno hilo sabotaji, la kuharibu makusudi, Baba. Unawajua watu waliofungwa kwa neno hilo.

Nilihitaji mtu wa kukanyaga pedali nami niko chini. Hakukuwa na mtu ila Mama. Bado yuko kwenye eda, hatoki; lakini garaji si iko ndani ya ua wetu? Akaingia na nguo zake nyeupe, akakaa kwenye kile kiti cha ngozi, magoti yakamfika kifuani. Kanyaga, Mama. Achia. Kanyaga tena. Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu tulipokuzika, kisha akajifunika mdomo kama aliyejiona amekosea.

Ulinifundisha: "Usikaze kintu mbele hujajua mwendo unapotelea wapi." Basi nikaufuata mwendo kutoka mguu wa Mama. Pedali ilishuka kiganja kizima. Fimbo ya kwanza ilivuta vizuri. Lakini kule nyuma, kwenye mkono unaosukuma ambrayaje yenyewe, chuma kilisogea upana wa ukucha tu. Ndiyo maana moteri haikuachana na magurudumu. Nikataka kuirefusha fimbo kwa nati. Nikakuta imekwisha kuzungushwa mpaka mwisho wa nyuzi zake. Mwendo ulikuwa unapotea katikati. Nikapitisha kidole kwenye kiungo, ndani ya grisi na vumbi, nikaugusa kabla sijauona. Mahali pa pini ya chuma palikuwa na msumari. Umekatwa, umekunjwa mara mbili upande wa kushoto, kama ulivyokuwa ukikunja wewe tu. Umelika mpaka kiuno, na tundu limekuwa na umbo la yai.

Nilibaki pale, mgongo chini. Mama akauliza kutoka juu, "Iko nini?" Nikamwambia. Akasema: "Muntu amekufa, hawawezi kumufunga tena, Feza. Sema njo yeye."

Na ingekuwa kweli. Nusu ya kweli. Nusu ya pili Mama hakuijua. Siku ya pili ya homa yako ulinishika mkono ukasema, "Ule musumari ni wa siku mbili tu. Motokari isitoke." Dereva wa komisere alipokuja kuichukua, nilikumbuka. Nilikumbuka kabisa, Baba. Lakini alikuwa akipiga kelele mlangoni, nawe ulikuwa ukitetemeka kitandani, nikampa ufunguo ili aondoke. Nikajiambia, msumari utashika.

Nilikwenda kwa Papa Kabeya, rafiki yako wa karakana ya reli. Hakuuliza kitu. Alichonga pini ya chuma kigumu, tukalipanua lile tundu likawa la duara, tukapachika bushi, pete ndogo ya shaba. Nikarudisha fimbo, nikaiachia pedali nafasi ya vidole viwili kabla haijaanza kuvuta. Mama akakanyaga. Vitesi ya kwanza ikaingia kimya. Ya pili. Hata ile ya kurudi nyuma, ambayo haifichi ubovu, ikaingia kimya.

Alhamisi mchana komisere alikuja. Mama akaingia ndani. Nikampa komisere msumari mkononi.

"Nani alitia hii?"

"Baba alitia, ya siku mbili. Akanikataza kutoa motokari. Mimi njo niliitoa."

Aliugeuza, akaugeuza tena. Nilisikia askari wake akihamisha miguu nyuma yangu.

"Kesho utakaa kando yangu," akasema. "Kama ikiruka, iruke na wewe."

Ijumaa nikakaa. Wanawake walicheza pande zote mbili za njia, na sikusikia wimbo hata mmoja. Nilisikiliza mguu wa komisere. Kila alipokanyaga, nami nilikanyaga sakafu tupu. Mbele yetu walitembea watoto wa shule, karibu sana, hata niliona jasho shingoni mwao. Kila mara ambrayaje iliachia. Mbele ya jukwaa alizima moteri, nikaona mikono yake imelowa jasho kama yangu. Naye alikuwa anaogopa.

"Shuka, fundi," akasema.

Jumamosi nilimtafuta yule muuza mpunga, nikamweleza yote. Akasimamisha kipimo chake. "Mi nilisemaka ni shetani," akasema. "Kumbe ni muntu." Akaendelea kupima mpunga wake.

Mama pia nimemwambia ile nusu ya pili. Hakulia.

Hofu haijatoka. Motokari ikipita njiani, nasimama na kazi mkononi mpaka nisikie imebadilisha vitesi. Labda wewe pia uliishi hivyo miaka yote, na mimi nikidhani umetulia.

Sikuombi unisamehe upesi, Baba. Nakuahidi hili tu: hakuna motokari itakayotoka kwetu kwa sababu mtu anapiga kelele mlangoni. Nitasimama mlangoni mwenyewe. Pumzika sasa, mikono yako imechoka. Mungu akuweke pema.

Binti yako,
Feza